Boti Isiyokwenda Popote

Mhadhara uliotolewa Nchelenge, mbele ya wavuvi, walimu na wachuuzi wa samaki

  Nashukuru kwamba mmeniruhusu niseme kwa Kiswahili. Pale sokoni Kashikishi lugha hii inahesabu makopo ya chisense, dagaa wetu, na kupatana bei hata vinywani mwa watu ambao nyumbani kwao ni Kibemba kitupu, kwa hiyo najua sitawachosha kwa maneno, labda kwa urefu.

Mama yangu alizaliwa Kilwa. Si kile kisiwa ambacho jioni mnaona jua likizama nyuma yake, bali mji wa jina hilo hilo ulio upande wa Kongo. Alikuwa mchuuzi wa samaki. Alivuka ziwa hili mara zisizohesabika, akiwa amekalia magunia ya dagaa wakati wa kwenda, na katoni za sabuni wakati wa kurudi. Katika safari zote alizonichukua, sikumbuki hata moja ambayo mkono wake uliachia ubao wa boti. Aliushika tangu tulipoondoka kwenye mchanga hadi tulipogusa mchanga wa pili, na vidole vyake vilikuwa vikibaki vimekunjika kwa muda hata tukishafika nchi kavu.

Miaka mingi baadaye nilikuwa nafundisha Nairobi, akaja kunitembelea. Jumapili moja nikampeleka Uhuru Park. Bustani ile ilifunguliwa na Mzee Jomo Kenyatta mwaka 1969, na ndani yake mna ziwa dogo la kuchimbwa ambamo watoto wa Nairobi, kizazi baada ya kizazi, wamelipiwa na wazazi wao wapande boti wazungushwe. Mama alisimama ukingoni. Akauliza kina. Kisha akauliza tunakwenda wapi. Nikamwambia hatuendi popote, mama, tunazunguka tu na kushukia hapa hapa. Akanitazama kama mtu aliyeambiwa kwamba kuna watu wanaopika chakula wasikile. "Na wanalipa?" akauliza.

Tukapanda. Kijana wa makasia alikuwa mpole, hakuwa na haraka. Tulipofika katikati, mama aliachia ubao. Akateremsha mkono nje, akaacha vidole viburutwe na maji. Hakusema neno. Mimi niliyekuwa mbele yake nilikuwa mtu mzima mwenye watoto, na siku ile ndipo nilipojua kwamba mama yangu anayapenda maji. Boti ilipogusa ukingo hakushuka. Alifungua pindo la kitenge chake, akatoa noti, akampa kijana, akamwambia azungushe tena.

Nimekuja kuzungumza juu ya mkono ule. Nimekuja kusema kwamba watu wa ufukwe huu wanastahili boti ambayo hawaipandi kwa sababu ya njaa, ugonjwa, soko wala msiba, na kwamba boti ya namna hiyo haiwezi kupatikana kwa kungojea ziwa litulie. Utulivu wake lazima utengenezwe na watu, kwa mikono, kwa kamba na kwa nidhamu. Waliojenga boti za starehe katika nchi nyingine walilijua jambo hili mapema sana, na la ajabu ni kwamba iliyo mashuhuri kuliko zote ina asili yake katika maji haya mnayoyaona dirishani.

Tuanze na maji. Mweru, ambalo jina lake katika lugha zetu kadhaa ni "ziwa" tu, hulishwa na Luapula kusini na Kalungwishi mashariki. Hutoka kaskazini, pale Pweto, kwa jina la Luvua. Luvua hushuka hadi Ankoro na kukutana na Lualaba, na kuanzia hapo maji yetu huendelea kwenda Kabalo, Kindu, Ubundu, Kisangani, hatimaye bahari ya magharibi.

Mwaka 1915 Waingereza walitaka kuwaondoa Wajerumani katika Ziwa Tanganyika. Wakaleta boti mbili ndogo za mbao, Mimi na Toutou, kwa meli hadi Cape Town, kwa treni kupita Rhodesia ya Kaskazini, yaani nchi hii, hadi Katanga. Huko reli ilipokwisha zikaburutwa juu ya milima ya Mitumba kwa ng'ombe, kwa matrekta ya mvuke na kwa nguvu za mamia ya Waafrika waliokata njia na kujenga madaraja. Zikateremshwa Lualaba pale Bukama, zikaelea kuelekea Kabalo. Ankoro iko katikati ya Bukama na Kabalo. Kuanzia Ankoro, basi, boti zile zilielea juu ya maji yaliyotoka hapa. Adui mkubwa ziliyemfuata alikuwa meli ya Kijerumani Graf von Götzen. Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916, Waingereza wakaiibua, na tangu mwaka 1927 inaitwa Liemba. Ni ile ile ambayo kwa miaka mingi imetia nanga Mpulungu. Wapo humu ndani waliolala juu ya sitaha yake.

Kisa hicho kilimpa mwandishi C. S. Forester mbegu ya riwaya yake ya mwaka 1935, The African Queen. Mwaka 1951 mwongozaji John Huston akaja na Katharine Hepburn na Humphrey Bogart kuifanya filamu. Walipiga picha Uganda, Butiaba na karibu na maporomoko ya Murchison, na pia Kongo, katika mto Ruiki, unaoingia Lualaba karibu na Ubundu. Maji yetu tena yalipita jirani. Na boti iliyocheza katika filamu ile ilijengwa Uingereza mwaka 1912 na kupelekwa Ziwa Albert, na jina lake la kwanza lilikuwa Livingstone, kwa heshima ya yule daktari aliyefika ufukwe wa Mweru mwezi Novemba 1867. Leo boti hiyo iko Key Largo, Florida. Inawapakia watalii na kuwatembeza polepole kwenye mifereji, kisha inawarudisha palipoanzia.

Miaka minne baada ya filamu, tarehe 17 Julai 1955, Walt Disney alifungua bustani yake ya burudani California. Msanifu wake Harper Goff alikuwa ameipenda filamu ile, na kutokana nayo akabuni safari ya mtoni iliyoitwa Jungle Cruise. Watu wanapanda boti yenye paa. Nahodha anasimama mbele na usukani mkononi. Wanapita misitu, viboko wanaibuka na kufumbua vinywa, tembo wanajirushia maji, na baada ya dakika chache wanashukia gati lile lile. Boti zilipewa majina, mojawapo Congo Queen, nyingine Zambezi Miss. Viboko ni mashine. Mto umechimbwa. Maji hutiwa rangi hadi yawe kijani kizito, na sababu ya rangi hiyo ndiyo kiini cha mhadhara wangu: chini yake kuna reli.

Usukani wa nahodha haugeuzi kitu. Anaweza kuongeza au kupunguza mwendo, basi. Boti imeshikwa na reli isiyoonekana, haiwezi kwenda upande, haiwezi kupotea. Wahenga wetu walisema chombo cha kuzama hakina usukani. Hiki hakina usukani kwa sababu ya kinyume kabisa: aliyekijenga alikaa akawaza kila njia ambayo chombo huzamia, akaziziba moja moja kabla hajamruhusu mtoto wa kwanza kupanda.

Hapa sitapita kimya juu ya jambo moja. Kwa zaidi ya nusu karne safari ile iliwaonyesha watu wetu, au sanamu zilizodai kuwa watu wetu, kama washenzi wa kando ya mto wanaocheza ngoma na kuuza vichwa vya watu. Mamilioni ya watoto walicheka. Mwaka 2021 kampuni ilitangaza kwamba itaziondoa picha hizo, ikaziondoa. Ni vizuri, lakini nawaomba mpime uzito wa muda ule. Watu wale wale waliokata njia ya Mimi na Toutou, waliobeba mizigo ya watengeneza filamu pale Ruiki, waliwekwa ukingoni mwa mto bandia ili waogopwe, na ndani ya boti, penye kiti na kivuli, hawakuwekwa. Nami nataka kuwaona ndani ya boti.

Ufundi wenyewe ni wa zamani kuliko Disney. Mwanzoni mwa karne iliyopita bustani za burudani za Marekani zilikuwa na kitu kilichoitwa Old Mill, yaani kinu cha zamani. Kennywood, karibu na Pittsburgh, walijenga chao mwaka 1901, na Blackpool, Uingereza, wakafungua mapango yao ya mtoni mwaka 1905. Fikirieni mfereji mwembamba, upana wake umezidi boti kidogo tu. Gurudumu la mapanga linazunguka mahali pamoja na kuyasukuma maji, na maji yanaichukua boti isiyo na mashine wala kasia. Hakuna wimbi kwa sababu hakuna nafasi ya wimbi kukua. Mfereji unaingia gizani, unatoka mwangani, unarudi ulikoanza. Wachumba walizipenda sana boti zile, maana zama hizo vijana wa kiume na wa kike hawakuwa na mahali pengi pa kuketi pamoja bila macho ya shangazi. Mwaka 1964, katika maonyesho ya dunia ya New York, mfereji wa namna hiyo ulijengwa kwa ajili ya UNICEF, ukizungukwa na wanasesere wa watoto wa mataifa yote. Boti zake husukumwa na maji yanayobubujika kwa nguvu kutoka chini. Mbinu imebadilika, nia ni ile ile: abiria asihitaji kushika ubao.

Sasa turudi nyumbani.

Waswahili wa pwani wana msemo mzuri wa starehe: kupunga upepo. Mtu wa Mombasa au Unguja akitoka jioni kwenda ufukweni, amekwenda kupunga upepo. Msemo huo niliupeleka kwa mama nikiwa kijana, nikitaka kuonekana msomi. Akaniambia upepo haupungwi, upepo unakimbiwa. Alikuwa na sababu. Mweru ni ziwa pana, karibu kilomita za mraba 5,100, lakini kina chake ni kidogo, hasa huku kusini, na maji mapana yasiyo na kina huchafuka upesi: wimbi linakuja fupi, lenye mgongo mkali, moja likimkanyaga mwenzake. Na upande wetu una hila yake. Miezi ya kiangazi upepo mkuu unatoka kusini mashariki, yaani mgongoni petu, nchi kavu. Ukisimama hapa ufukweni maji yanaonekana kama yamepigwa pasi, kwa sababu miti na nyumba zimeyakinga. Mtoto anaingia na mtumbwi mdogo akicheza. Hatua mia moja mbele upepo unamshika, na njia pekee unayoijua upepo huo ni ya kwenda Kongo.

Kwa hiyo nakataa mtu anayesema: mna ziwa, mnataka starehe gani zaidi? Nimelisikia neno hilo likisemwa na wageni waliokuja kutazama jua likizama. Usiku wanatazama taa za wavuvi wa chisense, mamia kwa mamia, zimetandazwa majini kama mji mpya. Ni nzuri kweli, zamani zikiwa karabai zenye kuvuma, leo zikiwa balbu za betri. Lakini chini ya kila taa kuna watu wanaotetemeka kwa baridi na kuomba wavu ujae kabla upepo haujaamka. Uzuri ule unalipiwa na wengine.

Pia nakataa upande wa pili, wale wanaodhani starehe ya majini ni muziki na injini. Tarehe 24 Novemba 2018, boti ya starehe iitwayo MV Templar ilizama Ziwa Victoria upande wa Mukono, Uganda. Walikuwa watu waliotoka kufurahi Jumamosi. Zaidi ya 30 walikufa. Mamlaka za Uganda zilisema boti ilipakia kupita kiasi na haikuwa na leseni. Miezi miwili tu kabla yake, katika ziwa hilo hilo, MV Nyerere ilipinduka karibu na gati la Ukara na kuua zaidi ya watu 220, na hao walikuwa wakitoka sokoni. Na sisi Zambia tunayo yetu. Tarehe 24 Oktoba 2014, nchi ikitimiza miaka 50 ya uhuru, boti ilizama Kariba ikiwa na watoto wa shule waliokuwa wakienda kwenye sherehe. Walikufa watu 26, wengi wao watoto hao.  Mimi ni mwalimu, na siwezi kulisema hili haraka.

Templar haikukosa furaha, ilikosa reli. Sisemi chuma. Nasema hesabu ya watu inayokomea pale ilipopangwa hata kama jamaa wa mwenye boti amechelewa na anapunga mkono gatini. Nasema jaketi lililofungwa kifuani, kwa maana lililowekwa chini ya kiti ni mto wa kukalia tu. Mgeni wa California haioni reli yake, lakini kuna mtu anayeikagua. Boti ya starehe ni ahadi kali kuliko boti ya usafiri, kwa sababu abiria wake hakuwa na haja ya kupanda. Amekuja kwa kuamini tu.

Kuna wazee watakaoniuliza, je, ni adabu kucheza na maji yaliyochukua watu? Nimeliwaza swali hilo kwa miaka, na jibu nililipata Mwansabombwe, siku ya Mutomboko. Kila mwisho wa Julai Mwata Kazembe na watu wake wanakumbuka kuvuka kwa Walunda kuja upande huu wa Luapula. Mnajua sherehe ile inavyokwenda. Kabla Mwata hajacheza na upanga mbele ya umati, huenda kwenye kijito cha Ng'ona na kuwarushia wahenga chakula na kinywaji majini. Kwa masimulizi ya Walunda, wahenga hao, Chinyanta na nduguye Kasombola, walizamishwa katika mto Mukelweji, kabla hata safari ya kuja huku haijaanza. Wanaanza na waliozama, wanawalisha, kisha wanacheza. Ngoma haifutwi kwa sababu ya msiba, wala msiba haufichwi kwa sababu ya ngoma. Sijaona mahali pengine ambapo jambo hili limepangwa kwa busara zaidi, na liko mwendo mfupi wa gari kutoka hapa tulipokaa.

Basi ninachoomba ni kidogo. Siombi bustani ya mamilioni. Siombi hata boti iingie ziwani, maana ziwani kuna mamba na kuna ule upepo wa mgongoni. Naomba bwawa. Mkoa huu watu wanajua kuchimba mabwawa ya samaki, na bwawa la kuzungushia watoto si tofauti ila liwe pana kidogo, na kina kisichozidi kiuno cha mtu mzima. Reli tunayo pia, tumeizoea kwenye vivuko vya pantoni: waya uliokazwa kutoka ng'ambo hadi ng'ambo, chombo kikiteleza kando yake bila kuchukuliwa na mkondo. Mahali pa waya tuweke kamba, vigingi vinne vya mti mgumu kwenye pembe, boti moja ya mbao yenye kitako kipana, na mtu wa kuivuta taratibu akizunguka.

Mtu huyo awe mvuvi. Kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari uvuvi umefungwa, samaki wazae, na wanaume wenye mikono iliyoijua kamba tangu utotoni wanakaa vibarazani. Wafanye kazi hiyo asubuhi, kabla mawingu ya mvua hayajajikusanya. Na watoto wakishazoea kukaa ndani ya boti bila hofu, wafundishwe kuelea, papo hapo, maji yakiwa kiunoni. Wapo wavuvi humu ukumbini wasiojua kuogelea. Sitawaomba mwinue mikono. Ninyi wenyewe mnajua mlivyofundishwa ziwa: mlitupwa ndani yake mkiwa na kazi ya kufanya.

Halafu walete mama zao. Hilo ndilo ninalolitaka kuliko yote. Mama anayeuza samaki Kashikishi apande siku ambayo hana beseni, aketi upande wa kivuli, azungushwe mara mbili.

Mzee mmoja wa hapa Nchelenge ana bwawa ambalo samaki wake walikwisha mwaka juzi, na ameniruhusu kulitumia. Jana nimeingia ndani yake na fimbo, nikalipima kutoka ukingo hadi ukingo. Palipo na kina zaidi maji yananifikia hapa, kwenye mshipi. Tope ni jingi upande wa matete, litahitaji kuondolewa. Kamba nimeinunua sokoni, mita 60, ile nene ya buluu. Iko chini ya meza hii. Vigingi sina, na fundo la kuikaza isilegee ikilowa silijui. Nafikiri humu ndani wapo zaidi ya ishirini wanaolijua. Tukishamaliza maswali nitaelekea huko kwa miguu.